Nakunywa dawa ya mifupa: gego bovu ling'olewe? Na bresi je?

Swali: "Habari za kazi daktari. Mimi ni mama wa miaka 62, mwalimu mstaafu, nakaa Morogoro. Miaka minne iliyopita niliteleza bafuni nikavunjika mkono hapa penye saa, nikapimwa nikaambiwa nina osteoporosisi, yaani mifupa imedhoofika, tangu hapo nakunywa alendronati ya miligramu 70 kila Jumapili asubuhi. Sasa nina mambo mawili. Meno yangu ya mbele ya chini yamebanana yanapandana, mwanangu anataka kunilipia bresi, zile waya za kunyoosha meno. La pili, gego la chini kulia limetoboka, likipata chai ya moto linauma hadi sikioni. Daktari wa kwanza aliposikia jina la dawa akasema hanigusi. Wa pili akasema niache dawa miezi mitatu ndo nirudi anitoe. Jirani ananiambia dawa hizi zinaozesha taya, nikaogopa, sasa ni wiki ya tatu sijanywa. Nimefanya vizuri? Na bresi nizisahau tu?"

Shikamoo mama. Nimelisoma swali lako mara mbili na kilichonishtua zaidi ni hizo wiki tatu bila dawa, kwa hiyo ngoja nianzie hapo kabla ya jino na bresi. Wiki tatu hazijakuharibu, ondoa hofu, dawa yako ina tabia ya kuingia ndani ya mfupa na kukaa humo miaka, kwa hiyo mifupa haijabaki bila ulinzi. Lakini usiendelee hivyo kwa neno la jirani. Nenda kwa daktari aliyekuandikia au mpigie, mwambie ukweli kwamba umeruka dozi tatu na sababu yake, na kama hana jambo lingine la kukusimamisha basi Jumapili inayofuata unarudi kwenye utaratibu wako, kidonge kimoja tu, usinywe vitatu kufidia. Glasi nzima ya maji matupu kabla hujala kitu, alafu nusu saa nzima umekaa wima au unazunguka zunguka uani, hakuna chai, hakuna maziwa, hakuna kurudi kujilaza. Najua unayajua haya, ila wanaorudia dawa baada ya kuacha ndo hao wanaoisahau hiyo nusu saa na kidonge kinawaunguza koo.

Sasa jirani yako. Hajatunga, ugonjwa upo kweli. Ni pale sehemu ya mfupa wa taya inapokufa, ufizi unaachia, mfupa unabaki wazi mdomoni na haufunikiki. Sisi tunauhesabu kuwa ni huo ugonjwa pale mfupa unapokaa wazi zaidi ya wiki nane kwa mtu anayetumia au aliyewahi kutumia dawa hizi na hajawahi kupigwa mionzi ya saratani kwenye taya. Nilimpokea mama mmoja aliyekuja akisema kuna mzizi wa jino umebaki ndani, ulimi wake ulikuwa hautulii, kila dakika unaenda kuugusa. Nilipomulika nikaona kitu cha njano iliyopauka, saizi ya punje ya mchele, kikavu, na upande wa ulimi unaokigusa ulikuwa umechubuka umekuwa mwekundu. Ule haukuwa mzizi, ulikuwa mfupa wa taya wenyewe, upande wa ndani kule nyuma ambako ufizi ni mwembamba kama ganda la kitunguu, na meno yake ya bandia yalikuwa yanamsugua palepale kwa miezi bila yeye kusema. Miaka hiyo yote ya dawa hakuwa ameng'olewa hata jino moja. Nakueleza hili kwa sababu watu wanadhani koleo ndo chanzo pekee, wanakimbia kung'oa jino huku wanaishi na kidonda cha meno ya bandia au na jino lililojaa usaha, na hivyo vyote ni njia za ugonjwa uleule.

Ila ukubwa wa hatari ndo kitu ambacho jirani hakukuambia, na nadhani hata yule daktari wa kwanza hakukipima. Hofu hii ilianza mwaka 2003, daktari wa upasuaji wa taya wa Miami anayeitwa Robert Marx aliporipoti wagonjwa 36 wenye mifupa ya taya iliyo wazi, na wengi wao walikuwa wagonjwa wa saratani wanaowekewa dawa za kundi hili kwenye mshipa. Dozi za saratani ni habari nyingine kabisa. Mgonjwa ambaye saratani imeingia mifupani anaweza kuwekewa asidi ya zoledroniki, ndugu ya alendronati yako, miligramu 4 kwa dripu kila wiki tatu au nne, wakati mwenye osteoporosisi akipewa dawa hiyohiyo anapata miligramu 5 mara moja kwa mwaka mzima. Na wewe uko kwenye vidonge, ambavyo tumbo linanyonya chini ya asilimia moja ya kile unachomeza. Mwongozo wa 2022 wa chama cha madaktari wa upasuaji wa mdomo na taya cha Marekani unaweka hatari kwa watu wa vidonge kuwa ni kama watu 2 hadi 5 katika kila 10,000. Aking'olewa jino hatari inapanda, lakini inafika kama 15 katika 10,000, yaani katika watu 10,000 kama wewe wanaong'olewa jino, zaidi ya 9,980 kidonda kinafunga kama cha mtu mwingine yeyote. Sasa weka pembeni yake kuvunjika nyonga: nchi ambazo zimehesabu vizuri zinaona kama mzee mmoja kati ya watano waliovunjika nyonga anafariki ndani ya mwaka, na wengi wanaobaki hawarudi kutembea walivyokuwa. Ulishavunjika mkono mara moja kwa kuteleza tu bafuni, hiyo ni ishara mifupa yako inahitaji hiyo dawa.

Namba hizo zinapanda kidogo kwa baadhi ya watu, na kwenye barua yako hujanieleza, kwa hiyo jiulize mwenyewe: una kisukari? Unatumia prednisoloni kwa pumu au baridi yabisi? Unavuta sigara? Una meno ya bandia yanayobana? Fizi zinatoka damu ukipiga mswaki? Kama jibu ni ndiyo hata kwa moja, mwambie daktari wa meno kabla hajashika kifaa chochote.

Nikueleze sasa dawa inafanya nini humo ndani maana ukilielewa hili bresi utazielewa bila shida. Mfupa hautulii, unabomolewa na kujengwa kila siku. Kuna seli kazi yake kula mfupa uliochakaa na kuna nyingine zinafuata nyuma zinajenga mpya. Kwenye osteoporosisi, hasa baada ya hedhi kukoma, walaji wanawazidi wajenzi. Alendronati inajibandika juu ya mfupa, mlaji akija kula anaimeza pamoja na mfupa, inamdhoofisha na hatimaye anakufa. Ndo maana mfupa unaacha kupungua. Lakini taya ni mahali pa pekee, ni mfupa unaojikarabati haraka kuliko mifupa mingi, umefunikwa na ngozi nyembamba, na meno yamepenya humo kutoka kwenye mdomo uliojaa vijidudu. Jino likitoka linaacha shimo, na ili shimo lipone vizuri walaji lazima waje kusafisha kingo kabla wajenzi hawajaanza. Walaji wakiwa wachache usafi unachelewa, vijidudu wakiwahi hapo ndo balaa.

Na jino lenyewe halijapigiliwa kwenye mfupa kama msumari kwenye mbao. Limening'inizwa kwa nyuzi nyingi ndogo kuzunguka mzizi, kama mtu aliyelala kwenye kitanda cha kamba, na ile nafasi ya nyuzi haizidi sana sehemu mbili ya kumi ya milimita. Bresi zinasukuma jino polepole upande mmoja, upande unaobanwa walaji wanakuja kuula mfupa kulipisha, upande linakotoka wajenzi wanajaza. Kwa kawaida jino linatembea kama milimita moja kwa mwezi. Umeshaona tatizo liko wapi mama: bresi zinawategemea haohao walaji ambao kidonge chako cha Jumapili kinawapunguza. Kwa hiyo meno ya mtu anayetumia dawa hizi yanatembea, ila kwa kusuasua, mapengo yanagoma kufunga, mizizi wakati mwingine inabaki imelala vibaya ingawa juu jino linaonekana limenyooka, na matibabu ambayo kijana angeyamaliza mwaka na nusu yanaweza kuvuta muda mrefu zaidi.

Sasa tuje kwenye gego, maana hilo ndo la haraka, bresi zinaweza kusubiri hata miezi sita. Jino linalouma kwa moto na maumivu kufika sikioni mara nyingi mshipa wa ndani umeshashambuliwa. Ukiliacha litanyamaza, na hapo wengi wanafurahi, kumbe mshipa umekufa na usaha unashuka kwenye ncha ya mzizi ndani kabisa ya mfupa wako. Karafuu inatuliza, sikatai, bibi zetu walijua, ila haifiki huko chini. Na vile vidonge vya antibayotiki vya rangi mbili vya duka la dawa vinapoza uvimbe kwa siku chache alafu unarudi palepale kwa sababu chanzo bado kipo ndani ya jino. Kwako wewe, chaguo la kwanza ni kuliokoa jino: daktari anatoa mshipa, anasafisha mizizi, anaziba, na ikibidi analivalisha kofia juu ili lisipasuke. Mfupa hauguswi kabisa. Ni ghali kuliko kung'oa, naelewa pensheni ya ualimu ilivyo, lakini kama mwanao ametenga hela ya bresi mwombe hiyo ianze kwenye gego.

Kama jino limepasuka chini ya ufizi au limebaki ganda tu, basi ling'olewe, na wala usilie. Kinachotakiwa ni ling'olewe kwa utaratibu: kwanza usafishwe ugaga wote mdomoni, usukutue klorheksidini (dawa ya maji ya kuua vijidudu mdomoni) siku kadhaa kabla na baada, daktari aamue kama utahitaji antibayotiki kwa hali atakayoiona, jino litolewe taratibu bila kuvunja mfupa kwa nguvu, kingo kali zilainishwe, ufizi ushonwe, na urudi kuangaliwa sio mara moja bali mpaka ufizi ufunge kabisa. Kama kuna mengine mabovu, mimi huwa naanza na moja, naangalia linavyopona, ndo nagusa lingine. Hakuna maajabu hapo, ni uangalifu tu, na daktari wa meno yeyote mwenye moyo wa kufuatilia anaweza. Kukukataa bila kukupa barua ya rufaa halikuwa jambo la haki na ninakuombea radhi kwa niaba ya kazi yetu.

Na yule wa pili aliyesema uache miezi mitatu, naye tumtendee haki. Kuna wataalamu wanaosimamisha vidonge kwa miezi miwili hivi kabla ya upasuaji wa kinywa kwa waliotumia zaidi ya miaka minne, wazo likiwa dawa inayoelea kwenye damu ipungue. Wengine, na mimi nimo, tunaona haisaidii sana maana iliyoshikamana na mfupa haitoki kwa miezi miwili wala mitatu, nusu yake inaweza kuchukua kama miaka kumi kuondoka. Hata ule mwongozo wa 2022 unakiri wataalamu hawajakubaliana. Kitu ambacho hakina ubishi ni kwamba uamuzi huo anafanya daktari aliyekupa dawa akizungumza na wa meno, na kwamba miezi mitatu ya kukaa na jino linalooza ni hatari kubwa kuliko dawa yenyewe. Kama kuna mtu atakutuma ukapime damu ili kujua kama taya litapona, hela hiyo itunze, kipimo hicho hakijaonyesha kuwa kinaweza kutabiri.

Hapa niingize neno kwa wengine watakaosoma, kwa sababu wapo wanaotumia sindano ya osteoporosisi iitwayo denosumabu, ya miligramu 60 kila miezi sita. Nyie msije mkaahirisha sindano kwa sababu ya jino! Dawa hiyo haikai kwenye mfupa, ikichelewa sana mfupa unaanza kuliwa kwa kasi kuliko hata kabla hujaanza dawa, na pingili za mgongo zinaweza kuvunjika kadhaa kwa pamoja. Jino la kung'oa linapangwa kama miezi mitatu au minne baada ya sindano ya mwisho, kidonda kinafunga, sindano inayofuata inapigwa kwa tarehe yake. Kama jino lina jipu halisubiri kalenda, linatibiwa.

Turudi kwenye bresi zako mama. Sisemi uzisahau, nasema tuulize kwanza kwanini meno yamebanana sasa hivi. Meno ya chini ya mbele kubanana kadiri umri unavyoenda ni kawaida, yanatokea hata kwa waliokuwa wamenyooka ujanani. Lakini kama yamesogea ghafla ndani ya mwaka mmoja au miwili, au yanacheza ukiyagusa, au ya juu yameanza kuachana na kutokeza mbele, hapo mara nyingi ni ugonjwa wa fizi umekula mfupa unaoyashika, na ukimwekea bresi mtu mwenye fizi zinazoumwa unayasukuma meno nje ya taya. Watu wengi wanasema meno yanacheza kwa sababu ya osteoporosisi, au wanaongeza vidonge vya kalsiamu wakitegemea yatakaza. Kalsiamu ni nzuri kwa mifupa yako kama daktari alivyopanga ila haitibu fizi, fizi zinatibiwa kwa kutolewa ugaga na kupiga mswaki sawasawa.

Fizi zikiwa salama na gego limeshashughulikiwa, na meno yamebanana kidogo tu, kurekebisha kidogo kunawezekana. Kwa mtu wa dawa hizi mimi nakubali mpango mmoja tu: hakuna kung'oa jino lenye afya ili kupata nafasi, na hakuna skrubu ndogo za kupachika kwenye mfupa. Vijana tunawang'oa jino moja la mbele chini na pengo linafungwa vizuri, kwako pengo hilo linaweza kubaki limekutazama kwenye kioo miaka mitatu. Nafasi inapatikana kwa kusugua kidogo sana pembeni mwa meno, sehemu chache tu za kumi za milimita, kisha nguvu ndogo, waya mwembamba au zile trei za plastiki angavu unazobadilisha. Mimi napenda trei kwa watu kama wewe kwa sababu tukiona mambo hayaendi, unazivua na tumesimama, na mswaki unafika kila mahali. Kila miezi mitatu tupige eksirei ya meno hayo, tukiona nafasi ya nyuzi kuzunguka mzizi inatanuka isivyo kawaida au jino limegoma kabisa, tunaacha tulipofikia. Mkubaliane hivyo na daktari kabla hujalipa, tena muandikiane. Ukimaliza utavaa kishikio usiku kwa maisha yote, vinginevyo yatarudi yalikotoka.

Nawe ujiulize kwa utulivu, unataka nini hasa. Kama shida ni chakula kinanasa na mswaki haupiti, kuna brashi ndogo za katikati ya meno na kusafishwa kliniki kila miezi sita, inaweza ikawa imetosha. Kama ni tabasamu, na miaka 62 sio sababu ya kumnyima mtu tabasamu, basi tujue tunanyoosha ya mbele tu, hatutafuti mdomo wa msichana wa miaka 15. Ila usikubali mtu ayakwangue meno mazima kuyavalisha kofia ili tu yaonekane yamepangika, hayo hayarudi tena. Na kwa kuwa unakaribia mwaka wa tano wa dawa, muulize daktari wako wa mifupa ana mpango gani, kwa baadhi ya watu baada ya miaka mitano ya vidonge huwa wanapima tena na kuwapumzisha. Kama kwako itakuwa hivyo kwa ajili ya mifupa yenyewe, bresi zinaweza kuanza kipindi hicho. Usimwombe akupumzishe kwa ajili ya bresi.

Ukienda kliniki beba boksi la dawa lenyewe, sema umeanza mwaka gani, na usiifiche eti ili usikataliwe. Akikukataa muombe barua. Pale Muhimbili kuna madaktari wa upasuaji wa mdomo na taya, na kwa aliye Nairobi hospitali ya meno ya chuo kikuu inapokea kesi hizi.

Usisubiri foleni ya kawaida ukiona mfupa mdomoni au kitu kigumu kinachokwaruza ulimi, usaha, harufu mbaya isiyoisha, jino lililoanza kucheza bila sababu, shimo la jino lililotoka ambalo halijafunga wiki kadhaa, au mdomo wa chini kufa ganzi bila kuchomwa sindano ya ganzi. Hayo ni ya wiki hiyohiyo. Uvimbe ukishuka chini ya kidevu, ukashindwa kufungua mdomo au kumeza, na homa ikapanda, ni usiku huohuo hospitali kubwa, usingoje kupambazuke. Na maumivu mapya ya paja au kinena yasiyoeleweka mwambie daktari wa mifupa, mara chache sana dawa hizi zikitumika miaka mingi zinaleta ufa kwenye mfupa wa paja, na unaonekana mapema ukipigwa picha.

Kwa hiyo wiki hii gego lipigwe picha kwanza. Ukishajua kama linaokolewa au linatoka niandikie tena, unieleze na hali ya fizi ikoje, ndo tuzungumze bresi na mwanao akiwepo maana yeye ndo mlipaji.